Anayeleta Ndiye Anayeshika

Kwa Nesi hukuweza kuacha kitu ukaenda zako. Ukipeleka sufuria iliyotoboka, unakaa nayo. Ukipeleka kandambili iliyochomoka kamba, unakaa peku kwenye kigoda chake na kuishika mpaka amalize. Aliyezoea kumwachia fundi mzigo na kuurudia jioni alipata tabu sana kwake. "Anayeleta ndiye anayeshika," alisema, na neno hilo halikuwa na rufaa.

Tulimwita Nesi tu. Jina alikuwa nalo, lakini hata yeye akipokea simu alisema, "Nesi hapa." Serikali ilimleta kijijini kwetu Issenye kutoka Singida nikiwa bado sijaanza shule, akafanya kazi zahanati mpaka akastaafu. Sindano zake za zahanati niliziogopa kama mtoto mwingine yeyote, na sina hamu ya kuzisimulia. Ninayoikumbuka kwa mapenzi ni sindano yake nyingine, shazia, ile nene ya kushonea magunia, aliyoiweka kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na donge la nta ya nyuki, mshipi wa kuvulia samaki, koleo dogo lenye kutu, na msumari mrefu uliotiwa mpini wa gunzi la hindi. Msumari ule aliuchoma kwenye mkaa hadi ukawa mwekundu, kisha akatobolea nao plastiki. Harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa ndiyo harufu ya uwanja wake, na mimi mpaka leo nikiisikia mahali natazama pembeni kama nitamwona.

Alitengeneza kila kitu cha nyumbani isipokuwa redio, kwa sababu redio, alisema, ina maneno mengi kuliko yeye. Zipu ya begi iliyogoma aliisugua kwa mshumaa. Kufuli iliyokwama aliipulizia unga wa risasi ya penseli. Kwenye beseni lililopasuka alianza kwa kutoboa tundu dogo kabisa pale mwisho wa ufa, ndipo akashona. Nilipomuuliza kwa nini anaongeza tundu kwenye kitu ambacho tayari kimetoboka, alicheka mpaka akaweka koleo chini. Ufa, alinieleza, unakwenda tu mbele kwa sababu haujui pa kusimama, lakini ukikuta tundu unachoka. Nati alikaza mara chache na polepole. "Usikaze mpaka kilie," alikuwa akisema. "Kaza mpaka kinyamaze."

Kushukuriwa hakupenda hata kidogo. Ukisema asante alikukata jicho. Asante ni ya zawadi, alisema, na hiki umekishika mwenyewe.

Sasa usidhani alikuwa mpole. Wanaopenda kusimulia waliotangulia huwa wanawatia asali, na mimi nikimtia asali huyu atanifuata huku niliko. Alikuwa na subira na vitu, si na watu. Ukitikisa beseni wakati anashona alikupiga kofi la mkono bila kuinua macho, hata uwe mkubwa kuliko yeye. Aliwakataza wagonjwa sukari, na chai yake mwenyewe ilikuwa nzito ya sukari hadi kijiko kinasita. Alipenda umbea wa waziwazi, ule wa kuuliza jina na ukoo. Na hebu angalia nyumbani kwake: mlango wa uani ulifungwa kwa jiwe, bati juu ya kitanda lilidondosha maji ndani ya ndoo msimu mzima wa mvua, mwavuli wake ulikuwa na mbavu mbili zilizochomoza nje. Tukimtania kwamba mganga hajigangi, alijibu kwamba vya kwake anavijua, havina habari mpya. Chini ya kitanda alikuwa na seti ya sufuria mpya zenye karatasi zake, alizozinunua mjini Mugumu siku ya mnada na hakuwahi kupikia hata moja.

Mwendesha bodaboda mmoja aliwahi kumletea pasi ya mkaa kutoka kijiji cha Mbalibali, ametumwa na mama mmoja aliyekuwa na haraka zake. Nesi aliipokea, akaigeuza, akaona bawaba imelegea, kazi ndogo kabisa. Akamrudishia. "Mwambie pasi haina miguu," alisema, "yeye anayo." Kijana alibembeleza, akalalamika juu ya petroli yake, Nesi akaendelea kupepeta mchele. Siku chache baadaye yule mama alikuja mwenyewe, amenuna, akakaa, akashika bawaba. Alipoondoka jua lilikuwa linatua, na wale wawili walikuwa wameshajuliana habari mpaka za wakwe.

Hata kanisani kwetu sheria ilikuwa hiyo hiyo. Nesi alikuwa Mwislamu, na benchi za kanisa zilikuwa zinayumba kiasi kwamba ukisimama kuimba mwenzako anaanguka. Akaja Jumamosi moja na kopo lake na nyundo ya kuazima. Mzee wa kanisa alidhani atamfungulia mlango tu arudi shambani kwake. Mzee alishinda pale sakafuni, amepiga magoti, ameshika miguu ya benchi moja baada ya nyingine, na vijana wa kwaya waliopita walisema hawajawahi kumwona akipiga magoti muda mrefu namna ile.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake juu ya sheria ile. Wengine walisema ni upweke, mama asiye na mume wala mtoto anatafuta wa kuzungumza naye. Wengine walisema ni umbea. Mzee wa kanisa, baada ya magoti yake kupoa, alisema mama yule anafundisha unyenyekevu. Wote walikosea. Mimi sababu niliijua, kwa kuwa ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyumbani kwetu.

Mama yangu ni Mkurya wa Tarime aliyeolewa Issenye. Siku anakuja kwa baba, bibi mzaa mama alimpa kibuyu cha maziwa, naye akakipakata njia nzima, mabegi juu ya basi na kibuyu mapajani. Kwa asiyekulia kwa wafugaji, naomba aelewe jambo moja. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unachukua kijiti cha mzeituni pori chenye moto, unakiingiza ndani, unakisugua huku na huku mpaka mkaa wake unasagika, halafu unakung'uta. Unafanya hivyo mara kwa mara, miaka na miaka, na ndani kunakuwa kweusi kama chungu, na weusi ule ndio unaohifadhi maziwa na kuyapa ladha. Kila nyumba ina moshi wake. Kibuyu cha mama kilikuwa kimefukizwa na bibi tangu mama akiwa binti, na bibi alipofariki, kilichobaki kwake mama ni ile ladha. Akiikumbuka Tarime alikoroga maziwa ya kibuyu kile akanywa, akaendelea na kazi.

Kwenye masika fulani mwana-mbuzi tuliyemfungia ndani asilowane alikipiga teke, kikapata ufa kutoka shingoni hadi tumboni. Mama alisikia kuna nesi mgeni anayejua kushona vibuyu, akampelekea. Nesi wakati huo hakuwa na sheria yoyote. Akamwambia mama kwamba kibuyu lazima kiloweshwe kilainike, kishonwe, kipakwe nta, kikauke kivulini, kwa hiyo akiache arudi baada ya siku kadhaa. Mama akakiacha.

Alikishona vizuri ajabu. Nimeuona ule mshono mara nyingi, mshipi umepita ndani na nje kwa mwendo sawa, nta imejaa kila tundu. Alipomaliza akachungulia ndani, akaona weusi. Kwao Singida vibuyu alivyovijua utotoni vilikuwa vya maji, na vya maji vinasuguliwa hadi vitoe mwangwi. Isitoshe alikuwa nesi, na wiki ile ile alikuwa ametoka kuhubiri usafi wa vyombo kijiji kizima. Basi akatia mchanga, akatia sabuni, akamalizia kwa dawa ya kuondoa madoa, akasuuza, akaanika. Alifanya hivyo kwa upendo, na hapo ndipo panapouma.

Nilikuwa nimeshika khanga ya mama siku ile ya kukichukua, na ninachokumbuka ni uso wa Nesi, unang'aa, anakitoa kwa mikono miwili. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akaweka pua mdomoni mwa kibuyu, akakaa hivyo. Kisha akasema asante, akamtakia jioni njema, tukaenda. Nyumbani akakitundika kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni na hakutia maziwa ndani yake tena.

Jirani mmoja mwenye mdomo ndiye aliyemfungua Nesi macho, tena kwa kumcheka. Jioni hiyo hiyo Nesi akaja kwetu. Hakuingia, alisimama mlangoni amekunja mikono. Aliomba akichukue tena, akifukize yeye mwenyewe kila siku mpaka kirudi kilivyokuwa.

"Acha, Nesi," mama alimwambia. "Umeshona vizuri."

"Nitakifukiza hata mwaka mzima, Mama Bhoke."

"Utatia moshi wako. Mimi nilikuwa na wa mama."

Hayo tu. Hawakugombana siku hiyo wala nyingine. Lakini kuanzia hapo Nesi hakukubali tena kubaki peke yake na kitu cha mtu. Mwenyewe lazima awepo, ashike, aone kila kinachofanyika, aseme kama kuna jambo. Ndiyo sheria yenyewe. Watu waliiona kiburi, kumbe ilikuwa hofu.

Urafiki wao, kama huo ndio urafiki, uliendelea kwa namna ya pekee. Mdogo wangu alipozaliwa Nesi ndiye aliyempokea. Idd ikifika tulikula pilau yake, na mama alimpelekea maziwa kwenye jagi la plastiki. Walicheka pamoja msibani, mahali ambapo hapafai kucheka. Ila kitu kilichovunjika mama hakumpelekea. Kijiji kizima kilibeba mabeseni na viti kwenda kwake, sisi majirani wa karibu tulikuwa na kiti cha miguu mitatu kilichoegemezwa ukutani. Beseni likipasuka mama alilijaza udongo akapanda vitunguu. Baba alipolalamika alijibiwa kwamba vitunguu navyo vinahitaji pa kukaa. Nesi akitutembelea macho yake yalizunguka, kiti, beseni, mwisho msumarini, na mikono yake ikakosa pa kukaa. Niliwahi kumwona akimshikia mama mtoto, na huku kidole chake kinapima ufa wa meza.

Alipostaafu wengi walidhani atarudi kwao. Akahamia Mugumu, akapanga vyumba viwili karibu na soko, na kopo lake likahamia naye. Mimi nami nikaja kuolewa Mugumu, nikafungua kibanda cha vyombo vya plastiki, ndoo, mabeseni, majagi, viti. Unaweza kuona utani uliotoka hapo. Akipita kibandani kwangu alinyanyua beseni, akaligonga kwa kucha, akaniuliza mbele ya wateja litapasuka lini. Mimi nikamwambia anaharibu biashara yangu. Yeye akasema mimi ndiye ninayemletea wateja, ni suala la miezi tu. Tulikunywa chai yake nzito karibu kila alasiri, na kila aliponiuliza habari za Issenye aliuliza habari za mama kwanza, za mvua baadaye, na ya tatu, akijifanya ameikumbuka ghafla: "Kile kibuyu?"

"Kipo msumarini, Nesi."

Anatikisa kichwa. Tunazungumza mengine.

Halafu akapata kiharusi. Mguu ulirudi kidogo kidogo, mkono wa kulia haukurudi. Watu waliendelea kumletea vitu kwa mazoea, akawarudisha. Kopo akalifunika kitambaa. Mwishowe mtoto wa dada yake, kijana mkimya mwenye gari dogo la mizigo, akaja kumchukua ampeleke Singida akatunzwe na ndugu. Nesi aliniambia habari hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataja bei ya nyanya. Lakini nilipoinuka alinishika khanga kwa mkono wake wa kushoto. "Mwambie mama yako naondoka," alisema. "Usimwambie kingine."

Nikampigia mama simu. Nikamwambia Nesi anaondoka wiki ijayo, sikuongeza kingine.  Mama akaniuliza kama mzeituni pori wa pale mtoni, uliokatwa matawi mwaka jana, umechipua. Nilimjibu mimi niko Mugumu, nitajuaje. Akasema basi ataenda mwenyewe kutazama, akakata.

Siku moja kabla ya safari nilikwenda kumsaidia Nesi kufunga mizigo. Kijana alikuwa ameshapakia karibu kila kitu na kukaza kamba, kitanda, magodoro, zile sufuria mpya bado na karatasi zake. Nesi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkono wa kulia umelala mapajani. Bodaboda ikasimama. Mama akashuka amevaa gauni lake la kanisani, kibuyu amekipakata kifuani kwa mkono mmoja, mfuko wa salfeti umening'inia kwenye ule mwingine. Mwendeshaji alikuwa anacheka: njia nzima, alituambia, mama huyu amenikataza kukanyaga hata shimo moja.

Walisalimiana. Mama akaketi chini kwenye mkeka mbele yake, akasogeza kibuyu. Nesi alinyoosha mkono wa kushoto, halafu akaurudisha.

"Anayeleta ndiye anayeshika," alisema. Sauti haikuwa yake.

Basi mama akakishika, akatoa kifuniko, akakiinua mpaka usoni kwa Nesi. Nesi akafumba macho, akanusa. Mimi nilisimama na sufuria mkononi nimesahau nilikuwa naipeleka wapi, na nilijua kwamba kama mama angesema neno moja baya pale, yule mwanamke angeondoka nalo hadi Singida na kufa nalo.

"Moshi wa mama haupo," mama alisema. "Huu ni wangu. Nimefukiza wiki nzima, haujakolea bado. Lakini maziwa nimetia asubuhi Issenye, na hayajavuja hata tone."

Akamimina kikombe. Nesi alikunywa yote, akajipangusa kwa ukingo wa mtandio, na machozi yakamtoka waziwazi bila kuyaficha. Kisha dole gumba lake la kushoto likapita juu ya mshono, taratibu, kutoka shingoni hadi tumboni, likasimama mahali.

"Hapa nilikaza mno," alisema.

"Nilijua utasema," mama akajibu, na wakacheka ule ucheko wao wa msibani.

Nikadhani imekwisha. Kijana alikuwa anatazama gari lake, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja mkeka mwingine. Ndipo mama akavuta mfuko wa salfeti, akatoa beseni la bluu lenye ufa kutoka ukingoni hadi katikati, na chembe za udongo wa vitunguu bado zimeshika kwenye kona. Mimi ninayeuza mabeseni ningempa jipya bila hata kuombwa.

"Nimeleta na hili," mama alisema. "Limepasuka zamani."

Nesi alilitazama. Akautazama mkono wake wa kulia. Kisha akamwita mtoto wa dada yake, akamwambia afungue kamba zote za gari, kopo la maziwa ya unga liko chini kabisa, nyuma ya godoro. Kijana alianza kusema jambo kuhusu muda, akaangalia uso wa Nesi, akaenda kufungua.

Mimi niliwasha mkaa. Nilichoma msumari kwa mpini wake wa gunzi, nikatia mshipi kwenye shazia, na Nesi akaniongoza kwa kidole: tundu la kwanza pale mwisho wa ufa, hapo, sio hapo, una macho ya kazi gani. Moshi wa plastiki ukajaa uwanja. Beseni lilitikisika, na mkono wa kushoto wa Nesi ukatua kwenye mkono wa mama, kofi kali.

"Shika vizuri," alimwambia.

Mama akashika.